Matuta ya Mwalimu Hulda

Jina lenyewe ni Matuta. Siyo la ukoo, siyo la ubatizo, wala hakuna bibi aliyelirithisha. Ni la WhatsApp.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana kwaya ya usharika mmoja wa Yakobi, pale pembeni ya mji wa Njombe, ilienda kwenye tamasha la kwaya Makambako. Wakaimba vizuri tu. Mtu akarekodi, video ikaingia kwenye kundi la kwaya, na Brayson wa sauti ya nne, kijana ambaye mdomo wake haujawahi kwenda likizo, akaisimamisha video mahali pabaya kuliko pote: pale ambapo Mwalimu Hulda amepandisha nyusi mpaka zinakaribia kilemba, na paji lake la uso limejipanga mistari mirefu, iliyonyooka, yenye kina. Brayson akapiga skrini shoti, akaichorea mshale mwekundu, akaandika: "Ndugu wapendwa, shamba limeshalimwa. Matuta yako tayari. Mwenye mbegu ya viazi alete."

Kama hujawahi kufika Njombe, ngoja nikusaidie. Msimu wa viazi ukifika, vilima vya huku vyote vimechanwa mistari, kama vile kuna mtu kavipitishia chanuo. Ni pazuri mno. Ila siyo pazuri pa kufananishwa na uso wa mtu.

Kundi likalipuka. Emoji za kucheka mpaka machozi zikashuka kama mvua ya mawe. Mmoja akaandika, "Mbolea iwekwe mapema." Mwingine, "Mwalimu samahani, lakini mimi nimekufa." Hulda mwenyewe akajibu kwa kidole gumba, maana ungejibu nini? Akadhani litapita.

Halikupita. Jumapili iliyofuata mwinjilisti Efraimu, mtu mzima, mtu wa heshima zake, akasimama kusoma matangazo: "Mazoezi ya kwaya ni Jumatano na Ijumaa, chini ya Mwalimu Matu..." Akakohoa. "Mwalimu Hulda." Kanisa zima likainamisha vichwa kama liko kwenye sala, ila mabega yalikuwa yanatikisika. Hapo jina likawa limebatizwa rasmi. Kilichobaki kilikuwa ni watoto wa jirani kumsalimia njiani, kwa adabu kabisa, "Shikamoo Mama Matuta," na yeye kuitika marahaba, kwa sababu shikamoo haikataliwi.

Tatizo likaja pale kioo nacho kilipojiunga na kundi.

Kioo cha kwa Hulda kimening'inia jikoni, kwenye msumari karibu na dirisha, kwa sababu mumewe Yoeli hunyolea ndevu hapo kwenye mwanga. Asubuhi za Juni ukungu wa Njombe unakaa nje ya dirisha hilo kama mgeni ambaye hakualikwa na haagi. Hulda akiwa anasubiri uji uchemke, anajitazama. Pumzi yake inakifunika kioo, uso unapotea. Kioo kinajisafisha taratibu, uso unarudi: kwanza macho, halafu pua, mwisho kabisa mistari. Kila mara alikuwa na katumaini kadogo kwamba safari hii mistari itasahau kurudi.

Hulda ni mtu wa kuota macho wazi. Ukimkuta amesimama na mwiko hewani, mwache, yuko mbali. Na siku hizo alikuwa anaenda sehemu moja tu. Anajiona yuko kwenye shamba la viazi la mama yake kule Mdandu, peke yake, ukungu umemfika magotini, na matuta yanakwenda, yanakwenda, mpaka yanayeyukia kwenye weupe. Halafu kitu kama kiganja kikubwa, cha joto, kinashuka kutoka juu na kuanza kuyapapasa, polepole, kama mtu anayetandika shuka. Tuta moja linalala. La pili linalala. Shamba zima linakuwa laini kama maziwa kwenye sufuria kabla hayajapata moto. Na yeye anatembea juu yake bila viatu, mwepesi, msichana tena, na hakuna mtu anayemwita jina lolote.

"Mama Eve, uji unaungua," Yoeli alisema.

Hulda akarudi duniani, akakoroga. "Baba Eve, hivi mimi nimezeeka?"

Yoeli ni fundi seremala, na ndoa yake ni ya siku nyingi. Huo mtego aliusikia kwa harufu tu. "Kwa kulinganisha na nani?"

"Jibu."

Yoeli akaweka wembe chini. "Paji lako mimi nililiona likiwa jipya. Mistari mingine hapo nimechangia mwenyewe. Sasa nitaitukanaje?"

Hulda akacheka. Na alipocheka akaona kwenye kioo kwamba mistari ndiyo iliyotangulia kucheka.

Wiki hiyohiyo binti yao Eveline akapiga simu ya video kutoka Makambako, ambako ana saluni yake karibu na stesheni ya reli. Kope zake siku hiyo zilikuwa ndefu kiasi kwamba Hulda alihisi zinampulizia upepo.

"Mama, nikwambie kitu, lakini usikunje uso."

"Sijakunja."

"Umekunja, mama, nakuona. Sikia. Kuna daktari wa ngozi anatoka Mbeya, Daktari Ida, anakuja hapa mjini mara moja kwa mwezi. Anachoma sindano, mikunjo inalala. Botoksi, mama. Nina wateja wameshafanya, wametoka kama wameoshwa na mvua."

"Sindano ya usoni?"

"Ndogo tu. Kama siafu amekugusa."

"Siafu wa kwenu mjini au wa kwetu?"

"Mama!" Eveline akacheka, halafu sauti yake ikapungua. "Tamasha la mwaka huu ni Kitandililo, si ndiyo? Na wanarusha laivu. Laivu, mama. Siyo kundi la kwaya tena, ni watu wote. Mimi sitaki wakucheke."

Hulda alikuwa anajitazama kwenye ile picha ndogo ya pembeni, ile ambayo simu hukuonyesha uso wako mwenyewe bila kukuuliza kama unataka.

"Niwekee nafasi," alisema.

Tusidanganyane, alitaka. Aliyapima maneno ya watu kabla hayajasemwa: kwamba mama mzima, mwalimu wa kwaya, anahangaika na uso. Akajijibu mwenyewe kwamba kanisani kwao watu wanapaka nywele rangi, wanavaa mawigi, wanaweka meno ya bandia, na hakuna aliyewahi kuhubiriwa kwa hilo. Mvi zinafichwa kwa amani. Kwa nini paji ndilo lisimame mahakamani? Alichotaka ni kidogo tu: asimame Kitandililo mbele ya kamera, na mtu akiisimamisha video mahali popote, akute uso wa mtu, asikute shamba.

Siku ya daktari ilikuwa bado, basi Eveline akatuma kwa konda wa basi pakiti ya plasta za usoni, zile zinazoonekana kama hazipo. Unabandika kwenye paji, ngozi haijikunji. "Jaribu uone raha yake," aliandika, na kale kauso kenye miwani ya jua. Jumatano jioni Hulda akazibandika zote, akafunga kilemba akakishusha mpaka kwenye nyusi kuzificha, akaenda mazoezini.

Ili uelewe kilichotokea lazima ujue jinsi kwaya ile inavyofanya kazi. Zamani Alois alikuwa anapiga kinanda na Hulda anaongoza kwa mikono. Alois akahamia Iringa, Hulda akachukua na kinanda. Mikono yote miwili ikawa na kazi. Na kanisa lile Juni lina baridi ya friji, hivyo mwalimu anakaa kwenye kinanda na koti zito, glavu zilizokatwa ncha za vidole, na shali iliyopanda mpaka puani. Hakuna aliyewahi kuuliza kwaya inaongozwa na nini. Ilikuwa inaimba, basi.

Wimbo wa tamasha aliutunga mwenyewe, unaitwa Ukungu Utafunguka. Sauti ya kwanza inaanza peke yake, nyembamba, kama moshi wa asubuhi. Sauti ya pili inaingia chini yake, kisha ya tatu, kisha Brayson na wenzake wa sauti ya nne wanakuja kama lori linalopanda mlima mbali. Halafu wote wanakata ghafla. Kimya. Na kimya hicho hakina kipimo, kinakaa mpaka mwalimu aone kimetosha. Ndipo sauti ya nne inakivunja kwa neno moja: tutaonana.

Jumatano ile wimbo uliparaganyika. Sauti ya kwanza walianza vizuri, kinanda kiliwabeba. Sauti ya pili ikachelewa, ikaingia nusunusu, wengine ndani wengine nje. Sauti ya tatu ikasubiri mtu asiyekuja. Na kilipofika kile kimya, Brayson akanguruma "tutaonana!" peke yake, katikati ya kanisa, kama mtu aliyepigiwa simu ibadani.

"Brayson!"

"Samahani, Mwalimu."

"Unaonana na nani saa hizi? Rudieni."

Wakarudia. Ikawa vilevile. Wakarudia tena, ikawa mbaya zaidi. Mama Lenard, rafiki yake Hulda tangu ujana na nguzo ya sauti ya pili, akajifunga kitenge upya na kusema, "Sijui leo tuna nini. Naimba kama nimefumbwa macho."

"Hamfanyi mazoezi nyumbani, ndicho mlichonacho," alisema Hulda. Alikuwa amekasirika kwelikweli, lakini chini ya plasta paji lake lilibaki tulivu kama bwawa, na kwaya ikamtazama kwa wasiwasi, haijui kama imesamehewa au imefukuzwa.

Siku ya safari ya kwa daktari, Makambako, ukungu ulikuwa mzito. Basi liliondoka Njombe taa zikiwaka, na misonobari ikawa inatokea pembeni ya barabara mmojammoja, inasalimia, inapotea. Hulda alisinzia na paji lake kwenye kioo cha dirisha. Aliota lile shamba tena, na kile kiganja. Ila safari hii, matuta yalipokuwa yanalala, alisikia sauti chini yake, watu wengi, kama waimbaji walio ndani ya nyumba wakati mlango unafungwa polepole. Akashtuka. Basi lilikuwa limetoka kwenye ukungu, jua limejaa kila mahali, na upepo wa Makambako ulishaanza kazi yake ya kuvuta mabati na sketi za watu.

Kliniki ilikuwa ghorofani, juu ya duka la pembejeo. Eveline alimshika mama yake mkono kwenye ngazi kama anampeleka darasa la kwanza. Daktari Ida alikuwa mdogo kuliko Hulda alivyotegemea, na alikuwa na sauti ya taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto alale. Kumbe ndiyo kazi yake, kulaza. Akamuuliza Hulda dawa anazotumia, kama ana mzio, kama ana ugonjwa wa misuli, kama ana ujauzito.

"Ujauzito?" Hulda alisema. "Mwanangu, nimekuja kwa ajili ya makunyanzi."

"Nauliza wote, mama." Daktari akatabasamu. "Sasa sikiliza. Mkunjo siyo ngozi tu. Chini yake kuna msuli. Ukishangaa, ukikasirika, msuli unavuta na ngozi inajikunja. Hii sindano inaulaza msuli."

"Unalala muda gani?"

"Unaanza kusinzia baada ya siku chache. Wiki mbili hivi unakuwa umelala kabisa. Unakaa miezi mitatu, wengine minne, halafu unaamka wenyewe."

"Nikitaka uamke kabla?"

"Hauamshwi, mama. Unasubiriwa."

"Na nikishangaa je?"

"Utashangaa moyoni."

Eveline akacheka. Hulda akajaribu kushangaa moyoni pale pale, aone kama inawezekana.

Akalazwa kwenye kiti kirefu. Dirishani upepo ulikuwa unapiga filimbi, na pazia jeupe linajaa na kupungua, linajaa na kupungua, kama kifua cha mtu aliyelala. Daktari akachukua penseli nyeupe ya kuwekea alama.

"Pandisha nyusi, mama, nione misuli ilipo."

Hulda akapandisha. Na papo hapo, kwa mbali, kama redio ya nyumba ya jirani, akamsikia Mama Lenard akiingia na sauti ya pili. Nota ileile, neno lilelile. Akadhani ni upepo.

"Shusha."

Sauti ikakata.

"Pandisha tena."

Mama Lenard akaingia tena. Penseli ikamgusa Hulda juu ya nyusi, baridi, tone, tone.

"Sasa kunja ndita, kama umekasirika."

Akakunja, na lori likaanza kupanda mlima.

"Brayson," Hulda alisema.

"Nani, mama?"

"Hamna. Endelea."

"Sasa legeza uso wote. Usikunje chochote."

Akalegeza. Kila kitu kikasimama, pazia, upepo, na barabara ya chini pamoja na malori yake. Kikaja kimya, na Hulda akakitambua. Kilikuwa kile cha kwake, alichokitunga yeye. Akakaa ndani yake, kikubwa, cheupe, watu wake wote wamesimama humo wameshika pumzi, wanamtazama. Wanamtazama wapi? Mikono iko kwenye kinanda. Mdomo uko ndani ya shali. Akaliuliza swali hilo taratibu, kama mtu anayevuta uzi kwenye sweta, na wakati anauliza, unyusi wake wa kulia ukanyanyuka wenyewe, kidogo tu, kwenye kona.

Tutaonana, wakaimba.

"Mama, nimesema utulie," alisema Daktari Ida.

"Nimetulia."

"Hujatulia. Paji lako linacheza."

"Nipe kioo, mwanangu."

Akapewa. Paji lake lilikuwa limejaa vidoti vyeupe, vimekaa kwenye mistari yake, vingine juu, vingine chini, kama nota zilizoshuka kutoka kwenye karatasi. Akaweka kidole kwenye cha kwanza. Hapo ni Mama Lenard na wenzake. Hapo ni sauti ya tatu. Hapa katikati, kwenye ndita, ni Brayson na sauti ya nne yote. Na hapa pembeni, hapa padogo, ndipo kimya kinapofunguliwa. Akakumbuka Jumatano, kilemba kimeshuka mpaka kwenye nyusi, plasta zimevuta kila kitu. Hawakuwa wavivu wale watu. Aliwazimia taa.

"Daktari, msuli ukilala, hauwezi hata kufanya hivi?" Akanyanyua ile kona ya unyusi.

"Naweza kuweka dozi ndogo, usilale sana. Lakini siwezi kukuahidi kipi kitabaki na kipi kitalala. Una shughuli gani mbele?"

"Kitandililo. Wiki mbili."

"Ndiyo utakuwa umelala fofofo."

Hulda akarudisha kioo. "Basi leo hapana."

"Mama!" Eveline alisimama. "Nimekuombea nafasi mwezi mzima. Watu wanapanga foleni hapa."

"Najua, mwanangu."

"Hujui. Wananiita Binti Matuta, mama. Mpaka wateja. Mtu anakaa kwenye kiti changu, namsuka, anamwonyesha mwenzake ile picha, anadhani simwoni kwenye kioo."

Pazia likajaa, likapungua. Daktari Ida akaanza kupanga vitu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Mbona hukuniambia?" Hulda aliuliza.

"Ungekunja uso."

Kikawatoka wote wawili kwa pamoja, kile kicheko kinachokaa jirani kabisa na kilio. Hulda akamvuta binti yake karibu. "Sikatai sindano, Eve. Wala sijasema ni mbaya. Nakataa sasa hivi. Hapa kuna watu wanaishi." Akagusa paji. Eveline hakuelewa, na Hulda hakuwa na hakika kama na yeye ameelewa, au bado yuko kwenye basi anaota.

"Uso ni wako, mama," alisema Daktari Ida. "Mimi nipo kila mwezi."

Hulda akapanda basi la kurudi, anawahi mazoezi. Mtu wa siti ya pembeni alimtazama mara moja akasogea kidogo, na Hulda akadhani ni heshima. Alifika kanisani kwaya imeshajipanga, koti kwa koti, pumzi zinatoka midomoni kama moshi. Akakaa kwenye kinanda, akapandisha shali. Halafu, kwa makusudi, akakisukuma kilemba nyuma mpaka paji lote likawa nje.

Kimya kikaanza kabla ya wimbo.

"Mwalimu," Brayson alisema, sauti yake inatetemeka kwa kujizuia, "samahani sana. Ila naona leo mmepanda kabisa. Mbegu ziko juu ya tuta."

Hulda akagusa paji lake, akaona weupe kwenye kidole. Vidoti! Amesafiri navyo kutoka Makambako, amesalimiana navyo stendi nzima. Kwaya ikaanguka. Mama Lenard alishika ukuta. Hulda naye akacheka mpaka shali ikamdondoka, lakini hakuvifuta.

"Imbeni kwanza," alisema.

Wakaimba. Sauti ya kwanza ikapanda kama moshi. Akapandisha nyusi, na sauti ya pili ikaingia yote kwa pamoja, kama mlango uliopakwa mafuta. Akapandisha zaidi, ya tatu. Akakunja ndita, lori likaja. Akalegeza, wakakata. Kimya kikakaa. Akakiacha kikae, akakiacha zaidi, kwa raha tu, aone, na hakuna hata mmoja aliyepumua. Halafu ile kona ya unyusi.

Tutaonana.

"Brayson," alisema wimbo ulipoisha, "unajuaje pa kuingia?"

"Si naingia tu, Mwalimu."

"Macho yako yanakuwa wapi?"

Brayson akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kwaya ile, hapakuwa na kitu ndani. Akamtazama mwalimu wake, akaangalia wenzake, akarudi kwa mwalimu. "Hapo," alisema, akionyesha kwa kidevu, kwa aibu. "Mimi sina pengine pa kutazama. Siku ile ya video ndiyo maana niliyaona yale matuta." Akasita. "Samahani, mama. Kwa lile jina."

"Umeshalipanda," Hulda alisema. "Sasa palilia. Tunarudia kutoka mwanzo."

Kitandililo siku ya tamasha upepo ulikuwa unapeperusha hadi kurasa za Biblia. Eveline alifunga saluni, akaja na simu yake kwenye kijiti, akasimama mbele kabisa karibu na watu wa laivu, na yeye anarusha ya kwake. Aliapa moyoni atampiga picha mama yake kwa mbali, kwa usalama. Lakini wimbo ulipoanza, vidole vyake vikavuta picha karibu, karibu zaidi, mpaka skrini yote ikawa paji: mistari inapanda na kushuka, inafunguka na kujikunja, kama upepo unavyopita juu ya shamba la ngano. Kilipofika kimya alisahau kama ameshika simu. Uwanja mzima ulitulia. Mtoto mmoja alitaka kulia, akaahirisha. Kwenye ile skrini mistari ilikuwa imelala yote, na Eveline akamwona mama yake wa zamani, msichana kabisa, kwa muda ambao hakuna aliyeupima. Halafu kona ya unyusi ikanyanyuka, na dunia ikarudi.

Komenti zilikuja, ndiyo. Za kucheka zilikuwepo, mtandao ni mtandao. "Huyu mama anaimbisha kwa nyusi jamani!" "Nimeirudia pale wanaponyamaza, nywele zimesimama." "Matuta oyee!" Hiyo ya mwisho ilikuwa ya Brayson, yuko bado na joho la kwaya.

Siku hizi mteja akimwita Eveline Binti Matuta anaitika, halafu anamwonyesha video kwa lazima, na hamwachii kichwa mpaka iishe. Namba ya Daktari Ida bado ipo kwenye simu ya Hulda. Anasema Januari kwaya ikiwa likizo atafikiria, maana hata paji linastahili kulala kidogo. Yoeli akiulizwa anasema yeye hana maoni, ana uji. Na asubuhi, pumzi ikishafunika kioo na kioo kikianza kujisafisha, Hulda anasubiri uso urudi: macho, pua, halafu mistari, mmoja baada ya mwingine, na kila unaotokea anausalimia kwa sauti yake, ya pili, ya tatu, ya nne, mpaka mtu aseme kuna kitu kinaungua.

Haya, zamu yenu. Najua humu ndani kuna Kichogo, kuna Mguu Niponye, kuna mtu aliitwa Sufuria tangu darasa la tatu mpaka kaoa. Uliitwa nani, nani alianza, na ile sehemu yako waliyokuwa wanaicheka, ilikuwa inafanya kazi gani wewe ukiwa hujui? Na wewe uliyechoma sindano ukapendeza ukalala usingizi wako, njoo pia, tena njoo na picha. Shusheni stori hapo chini. Brayson ameshawahi, ila msimwamini.